Kipimo cha tezi dume: Sindano huona nini, na hukosa nini?

Yamkini katika jamaa yako yuko baba, babu, mjomba au ami aliyepita umri wa miaka 50 ambaye siku hizi huamka mara tatu au nne usiku kwenda msalani. Mkimuuliza, atawaambia ni uzee, au ni chai aliyokunywa jioni. Mkimsukuma sana huenda akakubali kupelekwa hospitalini. Huko atapimwa damu, daktari atamkagua kwa kidole, na baada ya siku kadhaa ataambiwa maneno ambayo huwatoa wanaume wengi jasho: "Mzee, itatubidi tukutoe vinyama kidogo tuvipime."

Kutoa huko vinyama ndiko madaktari wanakokuita baiopsi. Katika familia nyingi kipimo hiki huchukuliwa kuwa hakimu wa mwisho. Kikisema hakuna saratani, watu huchinja kuku na mambo husahaulika. Kikisema ipo, simu huanza kupigwa usiku huo huo, mchango huitishwa na shamba huanza kutafutiwa mnunuzi. Ni wachache sana wanaouliza swali hili: Je, hukumu ya sindano yaweza kuaminiwa kwa kiasi gani?

Jibu la swali hilo lina pande mbili ambazo hazilingani. Sindano ikisema saratani ipo, karibu kila mara huwa ipo kweli. Lakini ikisema haipo, hapo ndipo pa kungoja kwanza kabla ya kuchinja kuku. Tena hata ikisema ipo, bado kuna swali la pili ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni kama saratani hiyo ni ya kuua au ni ya kuishi nayo mpaka uzeeni.

Kwanza tuielewe tezi yenyewe. Kila mwanamume anayo. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya utumbo wa haja kubwa, nayo imeuzingira mrija wa mkojo kama pete inavyozingira kidole. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume. Kijana huwa nayo ndogo, kiasi cha ndimu changa, lakini kadiri umri unavyosonga tezi huvimba. Uvimbe huo wa kawaida wa uzeeni si saratani, ingawa hubana mrija na kumfanya mzee akojoe kwa kukatizwa katizwa. Saratani ni jambo jingine, na yaweza kuanza kimya kimya kwa mtu anayekojoa vizuri kabisa. Ndiyo sababu dalili peke yake haziwezi kutofautisha ugonjwa huu na ule.

Hapa Kenya, saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume. Haichagui mkubwa wala mdogo. Profesa Anyang' Nyong'o alipatikana nayo alipokuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, akaenda kutibiwa Marekani, na akajitokeza kuwaeleza Wakenya waziwazi, jambo ambalo wanaume wengi wa cheo chake wasingelithubutu. Nelson Mandela alitibiwa kwa miale mwaka 2001 akaishi hadi 2013. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligunduliwa nayo mwaka 1997, akafariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 90. Mobutu Sese Seko wa Zaire naye hakuwa na bahati hiyo, kwani ilimwua mwaka 1997 akiwa uhamishoni Morocco. Ugonjwa ni mmoja kwa jina, lakini mwendo wake si mmoja.

Damu husema nusu

Safari ya kuelekea kwenye sindano huanza na kipimo cha damu kiitwacho PSA. Hii ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, ambayo kidogo yake huingia katika damu. Mwaka 1994 serikali ya Marekani iliidhinisha kipimo hiki kitumiwe, pamoja na kidole cha daktari, kutafutia saratani, na kwa miaka mingi mpaka uliowekwa ulikuwa 4. Ukiwa chini ya 4 uliambiwa uende nyumbani. Ukiwa juu ya 4 ulipelekwa kwenye sindano.

Taabu ni kwamba PSA ni ya tezi, si ya saratani. Tezi iliyovimba kwa uzee huipandisha. Tezi iliyoingiwa na viini na kuwa na maambukizi huipandisha sana. Mzee aliyewekewa mpira wa mkojo, au aliyekutana na mkewe siku moja au mbili kabla ya kipimo, aweza kupata nambari ya juu bila saratani yoyote. Na kwa upande mwingine, dawa fulani za kupunguza uvimbe wa tezi, kama finasteridi, huishusha PSA kwa karibu nusu, hivyo nambari ndogo ikawa inadanganya. Ni muhimu daktari aambiwe dawa zote anazomeza mgonjwa, hata zile alizoandikiwa na daktari mwingine.

Nambari ya chini nayo si dhamana. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwatoa vinyama karibu wanaume 3,000 ambao PSA yao haikuwa imepita 4. Asilimia 15 walipatikana na saratani. Wengi wa hao saratani yao ilikuwa ya aina iliyo pole, lakini si wote.

Kwa hiyo damu hutoa onyo tu, na sindano ndiyo inayotumwa kwenda kuthibitisha. Hapo ndipo penye utamu wa habari yetu.

Bambo na gunia

Msomaji uliyekulia mahali penye biashara ya nafaka umeliona bambo. Ni kile chuma chenye ncha na mfereji ndani yake, ambacho mnunuzi wa mahindi hukidunga kwenye gunia lililoshonwa, akakichomoa na punje kadhaa, akazitazama kiganjani kama zina unyevu au zimebunguliwa. Hafungui gunia wala halimwagi chini. Huamua bei kwa punje zile.

Sindano ya baiopsi ni bambo dogo sana. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu, huingizwa kifaa cha kupigia picha kwa mawimbi ya sauti katika njia ya haja kubwa, hudungwa ganzi, kisha daktari hufyatua sindano yenye mtambo kama bunduki ndogo. Kila mfyatuo hutoa kinyama chembamba kama uzi, upana wake karibu milimita 1 na urefu wake kiasi cha milimita 15. Mlio wa mtambo ule ndio unaowatisha wengi kuliko uchungu wenyewe.

Zamani daktari alidunga mahali alipopapasa uvimbe kwa kidole. Mwaka 1989 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza utaratibu wa kudunga mara 6 katika sehemu maalumu, upande wa kulia na wa kushoto, ili tezi yote ichunguzwe hata kama hakuna uvimbe unaoonekana. Baadaye ikagunduliwa kuwa 6 hazitoshi, na leo kawaida ni vinyama 10 hadi 12.

Sasa wewe mwanafunzi wa kidato cha pili, chukua kalamu. Kinyama kimoja ni kama mcheduara. Nusu kipenyo ni milimita 0.5, urefu ni milimita 15. Ukizidisha utapata karibu milimita 12 za ujazo. Vinyama 12 ni kama milimita 141 za ujazo. Tezi ya mzee iliyovimba kidogo huwa na ujazo wa sentimita 40, yaani milimita 40,000. Gawanya. Utaona kwamba sindano zote 12 kwa pamoja zimechukua sehemu isiyofika hata nusu ya asilimia moja ya tezi. Ni sawa na kutazama thuluthi moja ya kilo ya mahindi ukaamua habari za gunia zima la kilo 90.

Kama bungua wangekuwa wametapakaa gunia zima sawasawa, mfano huo mdogo ungetosha. Lakini saratani ya tezi dume haitapakai hivyo. Mara nyingi huota vishimo vishimo, kimoja hapa na kingine kule, na katikati pana nyama nzima. Sindano yaweza kupita milimita chache tu kando ya uvimbe ikatoka na nyama safi. Zaidi ya hayo, kwa kuwa sindano huingilia upande wa nyuma, saratani iliyojificha sehemu ya mbele ya tezi iko mbali nayo. Na kadiri tezi inavyokuwa kubwa, ndivyo sindano zile zile 12 zinavyozidi kupotea ndani yake.

Je, hukosa mara ngapi? Kwa miaka mingi hilo lilikuwa la kukisia, kwa maana ili ujue sindano imekosa nini ni lazima uwe na njia nyingine ya kuijua kweli. Madaktari wa Uingereza waliipata njia hiyo katika uchunguzi ulioitwa PROMIS, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Wanaume 576 ambao hawakuwa wamewahi kudungwa walikubali kufanyiwa vipimo vitatu kila mmoja. Walipigwa picha ya MRI. Walidungwa kwa utaratibu wa kawaida. Tena, wakiwa wamelazwa usingizi kwa dawa, walidungwa kupitia ngozi iliyo kati ya mapumbu na njia ya haja kubwa, sindano moja kila baada ya milimita 5, tezi nzima ikawa imepimwa kama shamba linavyopimwa kwa kamba.

Kipimo hicho cha mwisho kilionyesha kwamba wanaume 230 walikuwa na saratani ya kutisha. Sindano za kawaida ziliwatambua asilimia 48 tu ya hao. Soma tena, msomaji. Zaidi ya nusu ama waliambiwa hawana kitu, ama waliambiwa wana saratani ndogo isiyo na haraka, ilhali kubwa ilikuwa imekaa ndani.

Sisemi hivi ili mtu akimbie hospitali. Sindano ya kawaida ilikuwa na sifa moja kubwa katika uchunguzi huo huo, nayo ni kwamba ilipodai kuna saratani ya kutisha, mara chache sana ilikuwa imekosea. Kosa lake ni la kutoona, si la kuzua.

Picha kabla ya sindano

Katika uchunguzi huo, picha ya MRI iliwatambua asilimia 93 ya wenye saratani ya kutisha. Ni tofauti kubwa. Hata hivyo, MRI ina tabia ya yule mbwa anayebwekea kila mpita njia, kwani mara nyingi ilionyesha doa la kutilia shaka mahali ambapo hapakuwa na hatari. Kwa sababu hiyo picha haiwezi kuchukua nafasi ya sindano. Kazi yake ni kuielekeza.

Mwaka 2018 uchunguzi mwingine, PRECISION, uliohusisha wanaume 500 katika nchi 11, ulilinganisha njia mbili. Kundi la kwanza walipigwa MRI kwanza, na wakadungwa tu ikiwa kuna doa, na hapo hapo penye doa. Kundi la pili walidungwa kwa utaratibu wa zamani. Saratani za kutisha zilipatikana kwa asilimia 38 ya kundi la MRI na asilimia 26 ya kundi la pili. Saratani ndogo zisizo na maana, ambazo humtia mtu hofu bure, zilipatikana kwa asilimia 9 na asilimia 22. Tena zaidi ya robo ya kundi la MRI hawakudungwa kabisa.

Katika nchi tajiri sasa picha hutangulia sindano. Hapa kwetu mashine za MRI hazipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa, na bei yake si ya mchezo kwa mtu anayeishi kwa pensheni. Wagonjwa wengi bado hudungwa bila ya kupigwa picha hiyo. Si kwamba daktari hajui, ni kwamba anapika kwa moto alio nao. Lakini kwa maoni yangu, kama familia ina pesa za kipimo kimoja tu cha ziada, na mzee hana dalili za ugonjwa uliokwisha kuenea, basi ni heri pesa hizo zikaenda kwa MRI kabla ya kudungwa. Picha ikipigwa mara tu baada ya kudungwa, damu iliyovilia ndani ya tezi huichafua, na daktari hulazimika kungoja wiki kadhaa.

Yuko pia mgonjwa asiyehitaji mzunguko huu wote. Mzee aliyefika na PSA ya mamia, tezi ngumu kama jiwe na mifupa inayouma, hali yake huwa yajieleza. Wakati mwingine madaktari huanza matibabu papo hapo, na wakidunga, sindano chache zatosha, kwani gunia lote limebunguliwa. Kwa masikitiko, wanaume wengi wa Kenya hufika wakiwa katika hali hiyo.

Alama 6 kati ya 10

Vinyama vikishatolewa, huwekwa katika vichupa vyenye dawa ya kuvihifadhi na kupelekwa kwenye maabara. Huko hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, kisha mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Wataalamu hawa ni wachache mno nchini, na ndiyo sababu majibu huweza kuchukua wiki mbili na zaidi huku mgonjwa akikonda kwa mawazo.

Mtaalamu akiiona saratani, huipa alama. Utaratibu huo ulibuniwa katika miaka ya 1960 na Daktari Donald Gleason wa Minneapolis, Marekani. Alitazama jinsi seli zilivyojipanga, akazipa nambari kutoka 1 hadi 5, ambapo 5 ni zile zilizovurugika kabisa. Nambari mbili hujumlishwa. Siku hizi alama ya chini inayotolewa kwa sindano ni 6, na ya juu ni 10.

Hapo ndipo wengi huangukia shimoni. Mzee akiambiwa ana 6 kati ya 10, hufikiri amekwisha vuka katikati ya njia ya kaburini, kumbe hiyo ndiyo alama ya chini kabisa. Ili kuondoa mkanganyo huo, mwaka 2014 wataalamu wa dunia walikubaliana kuanzisha makundi ya 1 hadi 5, ambapo ile 6 ya zamani ni kundi la 1. Maabara nyingi huandika vyote viwili. Alama ya 7 nayo ina mafumbo yake, kwani 3 na 4 si sawa na 4 na 3, ingawa hesabu ni moja. Nambari inayotangulia ndiyo iliyo nyingi, na 4 ikitangulia ugonjwa ni mkali zaidi. Rais wa zamani wa Marekani, Joe Biden, alipotangazwa mwezi Mei mwaka 2025 kuwa na ugonjwa huu, alama yake ilikuwa 9 na ulikuwa umefika mifupani.

Lakini alama yenyewe imetoka kwenye punje zile zile za bambo. Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, ilizilinganisha alama za sindano na zile zilizopatikana baada ya tezi nzima kuondolewa kwa upasuaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Miongoni mwa waliokuwa wamepewa alama ya chini, isiyozidi 6, kiasi cha 36 kati ya kila 100 walipatikana kuwa na alama ya juu zaidi tezi ilipokatwa na kutazamwa yote. Sindano ilikuwa imeigusa sehemu iliyo pole ikaikosa iliyo kali.

Kisha kuna macho ya binadamu. Wataalamu wawili waweza kutazama kioo kimoja, huyu akasema 6 na yule 7. Si uzembe, mpaka kati ya alama hizo ni mwembamba. Wakati mwingine mtaalamu huandika kwamba ameona seli za kutilia shaka lakini hazitoshi kuitwa saratani. Jibu la namna hiyo halimaanishi kwamba mzee amepona. Baadhi ya watu hao wakidungwa tena, saratani huonekana, kwa hiyo asiachwe akarudi mashambani bila tarehe ya kuonana na daktari.

Ikipatikana, lazima ikatwe?

Tuseme sasa baba yako ana umri wa miaka 68, sindano 2 kati ya 12 zimeonyesha saratani ya alama 6, na PSA yake ni 7. Ndugu zake wanataka apasuliwe wiki ijayo. Shangazi anasema apelekwe India. Je, ni lazima?

Uingereza iliwahi kuwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 waliopatikana na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi. Wengine walipasuliwa, wengine wakapigwa miale, na wengine wakafuatiliwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka 15, matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba karibu 97 kati ya kila 100 hawakuwa wameuawa na saratani hiyo, wawe walipasuliwa au la. Ni kweli kwamba ugonjwa ulisambaa zaidi kwa wale waliofuatiliwa tu, lakini pia wale waliopasuliwa wengi walibaki na shida ya kuvuja mkojo na ya unyumba. Hayo ni mambo ambayo mke na mume wanapaswa kuelezwa kabla ya kutia sahihi, si baadaye.

Hata hivyo, mtu asichukue nambari hizo akazivisha Mkenya kama kanzu ya kuazima. Karibu wanaume wote katika uchunguzi ule walikuwa Wazungu, na wengi waligunduliwa mapema kwa kipimo cha damu. Watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa na ugonjwa huu zaidi, aghalabu wakiwa na umri mdogo zaidi. Kufuatilia bila kukata kunafaa tu pale ambapo familia itahakikisha kwamba PSA inapimwa kila baada ya miezi kadhaa, na sindano inarudiwa baada ya mwaka mmoja hivi. Kumfuatilia mtu asiyerudi kliniki ni kumtelekeza.

Yasemwayo mitaani

Kuna maneno ambayo yamewazuia wengi. Husemwa kwamba saratani ikiguswa na chuma huruka na kuenea mwilini. Huenda imani hii ilitokana na kuona wagonjwa wakifa muda mfupi baada ya kudungwa, lakini hao wengi walifika wakiwa wamechelewa. Mamilioni ya wanaume wamefanyiwa kipimo hiki duniani, na saratani kupandwa na sindano njiani ni jambo la nadra mno.

Hatari ya kweli ni nyingine, nayo ni viini. Sindano inayopita katika njia ya haja kubwa yaweza kubeba uchafu hadi ndani ya tezi na katika damu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa viuavijasumu kabla. Siku hizi viini vingi vimezoea dawa hizo kwa sababu ya mtindo wetu wa kuzinunua dukani kiholela, na kinga hiyo imepungua nguvu. Madaktari wengi sasa wanapendelea kuingiza sindano kupitia ngozi badala ya njia ya haja kubwa, ambako maambukizi ni machache. Muulize daktari wako atatumia ipi. Mwambie pia kama mzee ana kisukari, kama anameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au kama ametumia viuavijasumu karibuni.

Damu kidogo katika mkojo kwa siku chache isiwatishe, na katika mbegu yaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Lakini akitetemeka kwa homa siku moja au mbili baada ya kudungwa, au mkojo ukiziba, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitalini usiku huo huo na mwambieni daktari wa zamu kwamba alitolewa vinyama kwenye tezi dume.

Majibu yakitoka, itisheni nakala ya ripoti yenyewe, msitosheke na kuambiwa kwa mdomo. Ikisema hakuna saratani, ulizeni ni vinyama vingapi vilivyotolewa, tezi ina ukubwa gani, na kama sehemu ya mbele ilifikiwa. Ikiwa PSA itaendelea kupanda baadaye, jibu lile la kwanza lisitumiwe kama ngao ya kukataa kudungwa tena. Ikisema saratani ipo, tazameni alama, idadi ya vinyama vilivyoathirika, na ni sehemu gani ya kila kinyama. Na kama uamuzi ni mkubwa kama upasuaji, mna haki ya kuomba vioo na vile vipande vya nta vitazamwe na mtaalamu wa pili. Havitupwi baada ya kusomwa, huhifadhiwa, na kusomwa upya ni rahisi kuliko kudungwa upya.

Jambo jingine ni la watoto. Baba au ndugu wa kiume akipatikana na ugonjwa huu, hatari kwa wanawe na ndugu zake huongezeka, na madaktari wengi hushauri waanze kupimwa damu wakiwa na umri wa kati ya miaka 40 na 45 badala ya kungoja 50. Mabinti pia wasidhani habari hii haiwahusu. Kuna kasoro ya kurithi iitwayo BRCA2 ambayo kwa mwanamume huleta saratani kali ya tezi dume na kwa mwanamke huleta saratani ya matiti au ya mayai ya uzazi. Basi binti naye, siku akienda kliniki kwa ajili ya matiti yake, amweleze daktari baba yake aliugua nini, na alipewa alama ngapi.